Kulelewa nyumba moja sio kulelewa sawa

Mkuu umeuliza mbona wewe na mdogo wako mmekulia nyumba moja ila tabia ni mbingu na ardhi. Nyumba moja ni paa tu ndugu yangu. Wewe ulikuta wazazi vijana wenye presha ya maisha, ukivunja kikombe ni kelele mpaka jirani anasikia, yeye kavunja chake mzee keshachoka anacheka tu, hapo mmelelewa sawa kweli? Ukishabalehe ndo kabisa, washkaji wanashika usukani. Ila malezi ya utotoni usiyadharau, Romania kuna watafiti walianza 2000 kufuatilia watoto wa vituo vya yatima, waliohamishiwa kwenye familia kabla ya miaka 2 walikua vizuri zaidi kuliko waliochelewa. Damu nayo ipo, siikatai.