Maswali ya Wasomaji: Kupitisha anwani ya namba iliyomo ndani ya muundo wa ctypes

SWALI: Programu yangu ya Python inaita maktaba ya C kwa ctypes. Fanksheni ni void soma_joto(double *joto). Muundo wangu, Kipimo, una sehemu tatu kwa mpangilio huu: namba (c_int), joto (c_double) na hali (c_int). Nikiandika byref(k.joto), ambapo k ni Kipimo changu na byref hupitisha anwani ya kitu kwa C, napata TypeError (kosa la aina ya data). Nikiandika byref(c_double(k.joto)) kosa linaondoka, lakini k.joto inabaki 0.0. Nifanyeje?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Ukisoma k.joto, ctypes haikupi c_double. Inakupa float ya kawaida ya Python, nakala ya thamani iliyomo kwenye muundo, na ndiyo maana byref inaikataa. Njia yako ya pili ni mbaya zaidi kwa sababu haitoi kosa lolote: c_double(k.joto) ni kitu kipya chenye baiti zake 8. C inaandika humo, kisha kitu hicho kinatupwa.

Mpe byref muundo mzima, pamoja na umbali wa sehemu unayoitaka kutoka mwanzo wa muundo (lib ni maktaba yako ya C):

lib.soma_joto(byref(k, Kipimo.joto.offset))

Tafadhali usiukadirie umbali huo kichwani. c_int huchukua baiti 4, lakini kwenye Linux ya kompyuta za kawaida za biti 64, joto huanzia baiti ya 8, kwa kuwa double hupangwa mahali panapogawanyika kwa 8. Muundo wote ni baiti 24, si 16. Ukiandika 4, nusu ya thamani itaangukia kwenye nafasi tupu na nusu kwenye joto, nawe utasoma namba isiyo na maana.

Kama umeweka argtypes = [POINTER(c_double)], yaani aina ya kigezo ambacho fanksheni inakubali, na tunakusihi uiweke, mstari ule utaleta ArgumentError: byref imebeba Kipimo, si c_double. Hapo tumia:

d = c_double.from_buffer(k, Kipimo.joto.offset)
lib.soma_joto(byref(d))

Hii ndiyo tunayoipendelea. d inatumia kumbukumbu ileile ya k, hivyo k.joto inabadilika papo hapo. Ikiwa maktaba inaihifadhi anwani hiyo baada ya fanksheni kurudi, itunze d mpaka maktaba imalize kazi. La sivyo Python inaweza kuiachia kumbukumbu hiyo na C ikaandika mahali pasipo pake.

Sehemu iliyopimwa kwa biti, mfano ("hali", c_int, 3), haina anwani kabisa. Isome kwenye c_int ya pembeni, tuseme x, ipitishe hiyo, kisha rudisha thamani: k.hali = x.value.