Kabla ya kamera, karatasi: kwa mnaoanza kutengeneza filamu nchi hadi nchi

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi hii kwa kujitegemea, wengi huanza kuniuliza kamera ipi wanunue. Kamera nyingi za siku hizi zinatosha. Ningependa muulize kwanza kuhusu karatasi. Filamu ya hali halisi iliyopigwa Kigoma na Bujumbura, ikahaririwa Nairobi, haitapokewa na televisheni wala msambazaji wa Ulaya kama huwezi kuonyesha kwamba kila sura, kila wimbo na kila picha iliyomo una haki nayo.

Vibali ndiyo sehemu nyepesi, japo inachosha. Tanzania utapita Bodi ya Filamu. Droni ina kibali chake peke yake, kule na Kenya pia. Lakini barua ya wizarani haimalizi kazi. Ukifika mahali, jitambulishe kwa mtendaji wa kijiji, kwa chifu ukiwa Kenya, kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) ukiwa Uganda. Kaa, eleza, jibu maswali, ndipo utoe kamera.

Ridhaa ya mtu unayemrekodi ndiyo inayonihangaisha zaidi. Fomu iwe kwa lugha anayoielewa, na asiyesoma asomewe, kisha atamke mwenyewe mbele ya kamera kwamba amekubali. Mwambie wazi picha zake zitafika wapi: tamasha, televisheni, intaneti. Mtu anaweza kukubali kuonekana Ouagadougou, kwenye tamasha la filamu la FESPACO, asikubali kuonekana kwenye simu ya jirani yake. Ana haki hiyo. Mtoto asirekodiwe bila idhini ya mzazi au mlezi.

Na muziki! Wimbo uliorekodiwa una haki za aina mbili, ya aliyeutunga na ya anayemiliki rekodi, na mara nyingi hao ni watu tofauti. Taarabu inayosikika kutoka redio ya dukani wakati bibi anakusimulia maisha yake inatosha kuizuia filamu nzima. Omba redio izimwe kabla ya kuanza. Mhariri naye atakushukuru, kwa sababu sauti yenye wimbo nyuma yake haikatiki vizuri.

Fedha za nje zipo, na hakuna aibu kuziomba. IDFA Bertha Fund ya Amsterdam husaidia filamu za hali halisi kutoka nchi kama zetu. World Cinema Fund ya tamasha la Berlin, iliyoanzishwa 2004, nayo imesaidia filamu za Kiafrika. Ila mshirika akiingia na pesa, mkataba usomwe na mwanasheria wako, si wake. Haki ziuzwe kwa nchi zilizotajwa na kwa miaka iliyotajwa. Usikubali sentensi inayosema “dunia nzima, milele”. Picha ghafi zibaki zako, na haki ya kuionyesha filamu Afrika Mashariki ibaki mikononi mwako, maana hapa ndipo watazamaji wako walipo.

Kuhusu ufundi nitagusa moja tu: kubalianeni na wapiga picha wote, kabla ya safari, fremu ngapi kwa sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50 (mizunguko 50 kwa sekunde), hivyo kamera iliyowekwa fremu 30 kwa mazoea ya Marekani inaweza kuonyesha taa za ndani zikipepesa. Fremu 25, shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde, mmemaliza.

Manukuu msiyafanye kwa haraka. Kiswahili cha Lubumbashi kitafsiriwe na mtu wa Lubumbashi. Mfasiri wa Dar es Salaam atadhani ameelewa, na mzaha wa msimulizi utapotea.

Halafu, kabla filamu haijafungwa na kupelekwa tamasha lolote, rudi na toleo la karibu mwisho ukawaonyeshe waliomo. Projekta na shuka jeupe vinatosha. Mmoja akisema sura yake ifichwe, ifiche, hata kama ndiyo picha yako bora. Tenga siku za uhariri kwa ajili hiyo kwenye bajeti tangu mwanzo.