Wimbo wa sendofu

Mwanangu Neema,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza upigwe wimbo gani utakapokuja mezani kunilisha keki, maana kamati imependekeza "Nani Kama Mama" wa Christian Bella na Ommy Dimpoz. Si kwamba siupendi. Ila nimekula keki kwenye sendofu za watu wengi, kinachofuata nakijua: MC anawasimamisha kina mama wote, anaanza habari za miezi tisa kwa sauti ya msibani, na keki inafika mdomoni wanja umeshafika kidevuni. Mimi wanja wangu nautaka ubaki machoni.

Nipigie "Sweet Mother" wa Prince Nico Mbarga.

Najua utasema ni wa kizee. Ulitoka mwaka 1976, Onitsha, Nigeria, yeye na bendi yake ya Rocafil Jazz. Baba yake alikuwa Mkameruni, mama Mnaijeria. Makampuni makubwa ya santuri yalishaukataa. Baadaye ukauzwa mamilioni ya nakala, na mwaka 2004 wasikilizaji na wasomaji wa BBC wakauchagua kuwa wimbo wa Afrika wanaoupenda kuliko zote.

Sisi Morogoro tuliusikia kwa jirani, dereva wa lori, aliyekuwa na gramafoni. Bibi yako Kiingereza hakukijua, sembuse hicho cha mitaani cha Nigeria. Aliambulia "mother" tu. Lakini gitaa alilielewa lote, maana linakwenda mwendo wa Kikongo, na masikio yake yalishalelewa na Mbaraka Mwinshehe. Alikuwa anapepeta mchele. Akaweka ungo chini, akakaza khanga, akacheza peke yake pale uani mpaka santuri ikaisha. Sikuwahi kumwona akicheza. Nilikuwa na miaka minane, nikaona aibu, nikakimbilia ndani.

Nilipopata Kiingereza cha kuombea maji, nikamfasiria: mtoto asipolala mama halali, asipokula mama hali, wala hachoki. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Huyo kijana hajaniona mimi mvua ikinyesha!" Alikuwa na usingizi mzito, Mungu amrehemu, nami nimeurithi. Usiku ule ulipougua surua, una miaka mitatu, nilikesha hadi saa tano. Kuanzia hapo baba yako ndiye aliyekubeba akizunguka nawe sebuleni mpaka adhana ya alfajiri. Hilo sijawahi kukwambia, na hakuna aliyelitungia wimbo.

Halafu angalia hao waimbaji: Mbarga, Bella, Dimpoz, wote watoto wa kiume. Kijana akimkumbuka mama yake humkumbuka akitaabika. Wewe tumepika pamoja, tumegombania chumvi, umevaa viatu vyangu bila ruhusa ukavirudisha vimepinda kisigino. Mbele ya watu siku ile nisingependa nionekane shahidi wa mateso. Taabu ilikuwepo, ada zako unazijua, lakini nilicheka pia, tena sana, na mara nyingi nilikuwa nakucheka wewe.

Nao "Sweet Mother", ukiacha maneno, ni wimbo wa kucheza. Ndiyo maana nautaka. Bibi yako aliupokea kwa miguu kabla hajajua umesema nini.

Basi mwambie DJ auanzishe mwanzo kabisa, pale gitaa linapoingia, asiurukie katikati kama wanavyofanya siku hizi. MC asimpigishe mtu magoti. Nitatoka mezani mwenyewe nikicheza, na shangazi zako nimeshawaambia wavae viatu vifupi.

Keki umlishe baba yako kwanza. Akishangaa, mwambie ni ya surua.

Mama yako