Zafarani ya Shilingi 500

*"Shikamoo mwalimu. Mwezi wa pili tulipanda Kitulo kuangalia maua. Mwenzetu mmoja akaonyesha ua dogo la zambarau akasema hiyo ndiyo krokasi, inayotoa zafarani. Mwingine akabisha: zafarani ni binzari tu, mbona sokoni tunanunua 'zafarani ya unga' paketi shilingi 500? Nimesikia pia jina kurkum, na mtandaoni nimeona 'krokasi ya vuli'. Haya yote ni kitu kimoja? Nauliza kwa sababu niko kwenye kamati ya harusi, na wajumbe wanataka tuandike 'wali wa zafarani' kwenye orodha ya vyakula."* (Msomaji, Uyole, Mbeya)

Marahaba. Tuanze na ua, maana hilo halina ugomvi. Krokasi ni jina la jenasi nzima, yaani kundi la mimea ya karibu, yenye spishi zaidi ya 90, na kwao ni nchi zinazoizunguka Mediterania, kwenda mashariki hadi Asia ya Kati. Kitulo haioti yenyewe hata moja. Hifadhi ile, iliyotangazwa mwaka 2005, ina mimea yake zaidi ya spishi 350, na kati ya hizo okidi peke yake ni 45. Haina haja ya kuazima ua la watu. Ila ukoo wa irisi, ambao ndio ukoo wa krokasi, unao watoto wake kule juu, gladiola wakiwamo. Kwa hiyo huenda mwenzenu alipatia ukoo, akakosea mtu.

Sasa zafarani. Katika krokasi zote hizo, inayotoa zafarani ya kuliwa ni moja, *Crocus sativus*. Kila ua lina nyuzi 3 nyekundu katikati, zile ambazo vitabu vya sayansi huziita stigma, na nyuzi hizo ndizo zafarani. Si petali, si tunguu, si unga wa mzizi. Maua huchumwa kwa mkono alfajiri kabla jua halijawa kali, nyuzi zinachambuliwa moja moja, kisha zinakaushwa. Kilo 1 hudai maua kama 150,000. Mmea wenyewe ni tasa, hauzai mbegu. Usipochimba matunguu yake ukayagawa na kuyapanda upya, hausambai. Iran ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya zafarani ya dunia, na bei yake unaijua au unaikisia.

Basi nieleze, hiyo paketi ya shilingi 500 ina nini?

Ina manjano. Manjano yaleyale ya mchuzi wa samaki, yaliyosagwa, yakafungwa kwenye nailoni na kupewa cheo. Nimeyakuta kwa majina matatu: "zafarani ya unga", "zafarani ya kienyeji" na, siku muuzaji akichangamka, "zafarani ya Kihindi". Wauzaji siwalaumu sana, wanatafuta riziki. Nawalaumu wanaojua Kiswahili, walioketi ofisini, wanaolichukua jina hilo na kuliandika kwa herufi za dhahabu kwenye kadi.

"Ya kienyeji" ni maneno yenye kazi maalumu. Kuku wa kienyeji ni kuku: anawika, anataga, anakimbizwa uani. Kivumishi kimemchagua miongoni mwa kuku, hakikumtoa kwa bata. Lakini hicho kinachoitwa zafarani ya kienyeji hakijawahi kuwa zafarani, wala mama yake hakuwa zafarani. Ni mzizi wa mmea wa ukoo wa tangawizi, unachimbwa ardhini kwa jembe. Hapo kivumishi hakichagui tena, kinafunika kombe.

Najua watu wa Uyole mtaniuliza kuhusu viazi. Kiazi kitamu na kiazi mviringo si ndugu hata kidogo, kimoja ni jamaa ya mauamaua yanayotambaa, kingine ni wa ukoo wa nyanya, na bado vyote tunaviita viazi. Ni kweli, na sina neno, kwa sababu kiazi ni jina la umbo na matumizi: kitu kinene kilichokaa chini ya udongo kikingoja kuchemshwa. Pilipili manga na pilipili kichaa nazo hazihusiani, zimeunganishwa na muwasho. Zafarani na manjano vimeunganishwa na nini? Harufu? Manjano yananuka udongo, zafarani inanuka asali na majani makavu. Ladha? Hazikaribiani. Kimebaki kuwa vyote vinapaka wali rangi. Kwa hesabu hiyo, hata rangi ya keki ya kwenye kichupa nayo ni zafarani.

Na tuipige hesabu hiyo harusi. Tuseme wageni 400, na tuwe wachoyo: gramu 1 kwa watu 20. Zinatakiwa gramu 20. Kila gramu ni maua kama 150, kwa hiyo kamati yenu imeagiza maua 3,000 na nyuzi 9,000, zilizochambuliwa kwa vidole vya binadamu upande mwingine wa bahari. Mweka hazina anajua? Michango imefika huko? Au fungu la zafarani limeandikwa shilingi 2,000, chini ya vitunguu na juu ya viberiti? Nimekula wali wa aina hiyo kwenye shughuli nyingi za mkoa huu. Unajulikana kwa kitambaa cha meza: tone moja likidondoka, kitambaa kinabaki na doa mpaka kinakuwa tambara la kudekia.

Anayetaka uhakika atie vipande vichache kwenye maji ya vuguvugu. Zafarani inatoa rangi yake polepole, maji yanageuka ya dhahabu huku uzi ukibaki mwekundu. Unga wa manjano unayachafua maji papo hapo, kisha unatuama chini. Zafarani ya kweli husagwa pia, sikatai. Ila ukiuziwa unga kwa bei ya pipi, umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kuhusu asili ya majina nitapita haraka. Zafarani tumeitoa kwa Waarabu, ambao jina lao *za'faran* liliingia Ulaya pia na kugeuzwa sura huko na huko. Pwani neno hili lina heshima zake: ikichanganywa na marashi ndiyo wino wa kuandikia kombe, yale maandishi ya dua yanayooshwa yakanywewa, na ndiyo inayotiwa kwenye biriani. Huku bara wengi tumelipata kanisani, Wimbo Ulio Bora sura ya 4, pale zafarani inapotajwa pamoja na nardo na mdalasini. Kwenye Kiebrania neno la hapo ni *karkom*, linalofanana na *krokos* la Wayunani, lililozaa krokasi. Linafanana pia na *kurkum* la Waarabu. Lakini kurkum kwa Waarabu ni manjano, na kutoka hapo wataalamu wakayabatiza manjano jina la jenasi, *Curcuma*.

Mjanja ataruka hapa: basi mwalimu, hata wazee wa kale waliyachanganya! Waliyachanganya, ndiyo. Ila tazama mwisho wake. Manjano yalipobaki na kurkum, zafarani ilibaki na jina lake, na mfanyabiashara wa Kiarabu aliyeuza kimoja kwa jina la kingine alijulikana kuwa ni mwizi. Hakujitetea kwa kusema ni ya kienyeji.

Binzari nayo? Hapo nimenyoosha mikono. Pwani, bizari ni viungo vya mbegu, na bizari nyembamba ndiyo ya pilau. Bara tumeichukua, tukaipachika *n*, tukayapa manjano jina hilo, ingawa manjano si mbegu. Nilipigana vita hivyo nikiwa kijana. Leo nikitumwa dukani naomba binzari, napewa unga wa manjano, nalipa, narudi nyumbani. Watu wote wanaelewana na hakuna anayepunjwa, kwa hiyo potelea mbali. Tofauti na zafarani ni hiyo: aliyeomba binzari anapata alichokitaka.

Imebaki "krokasi ya vuli", ambayo imenichosha zaidi ya paketi yako. Aliyeitafsiri alikutana na majira ya Ulaya ambayo majani hupukutika, akaokota neno la karibu. Vuli kwetu ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba za watu wa Pwani na Kaskazini. Huku Nyanda za Juu Kusini mvua zetu ni msimu mmoja, Novemba mpaka Aprili au Mei, vuli hatuna kabisa. Kwa hiyo ua lisilo letu limepewa majira yasiyo yetu. Isitoshe, ua hilo si krokasi. Ni *Colchicum*, la ukoo mwingine, linalofanana na krokasi kwa sura tu. Krokasi ina stameni, yaani viungo vya kiume vya ua, 3, hilo lina 6, na lina sumu ya kolchisini. Madaktari huitumia kwa vipimo vidogo kutibu jongo, lakini Ulaya wapo waliokufa kwa kuchuma majani yake wakidhani ni kitunguu saumu cha porini. Sijui kama kuna ua lingine lililostahili zaidi kitenzi chake. Na kwa kuwa tumefika hapo: ua, maua, kuua. Hakuna *w*. Barua zinazoniletea "mauwa" naziweka chini ya rundo.

Kuhusu kadi, waambie wajumbe waandike "wali wa manjano". Ni Kiswahili kizuri, ni kweli, na hata rangi yenyewe ilipata jina kutokana na kiungo hicho. Na kama mchele ni wa Kyela, uliolipiwa bei ya Kyela kwa ajili ya harufu yake, mwambieni mpishi asiutie unga wowote, muandike "wali wa Kyela".