Usiiache feni na LM35 zitumie waya mmoja wa graundi

Ndugu, usiikate hiyo kebo bado. Umeeleza kwamba utavuta kebo moja ya nyuzi nne, yenye urefu wa mita 10, kutoka kwenye bodi ya Arduino Uno, ile kompyuta ndogo inayosoma joto na kuwasha feni, hadi chumba cha kukaushia: uzi wa volti 12 wa feni, uzi wa volti 5 wa LM35 (kihisi cha joto), uzi wa ishara, na uzi mmoja wa graundi, yaani wa kurudishia mkondo, utakaotumiwa na vyote viwili. Umeniomba pia programu ya kuchukua wastani wa vipimo. Huo uzi wa nne ndio utakaokuliza, kama ulivyoniliza mimi.

Fanya hesabu. Waya wa shaba wa milimita mraba 0.5 una ukinzani wa takriban omu 0.034 kwa kila mita, kwa hiyo mita 10 zina omu 0.34. Feni inayovuta nusu ampea, mkondo wake unaporudi kupitia waya huo, inaacha tofauti ya volti 0.17 kati ya ncha ya chumbani na ncha ya kwenye bodi. LM35 hupima kwa kuanzia graundi iliyo miguuni pake, si graundi ya bodi, na hutoa milivolti 10 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Bodi itasoma joto la kweli pamoja na nyuzijoto 17 ambazo hazimo chumbani.

Baya zaidi ni kwamba kosa hili linakuja na kuondoka pamoja na feni. Joto likifika kiwango ulichokiweka, feni inawaka. Ikishawaka, usomaji unaruka juu kwa nyuzi 17. Programu inaamini kwamba chumba kimezidi kuwa moto na inaiacha feni iendelee kuzunguka hata baada ya chumba kupoa. Ukiizima kwa mkono ili uchunguze, namba zinarudi kuwa sahihi palepale, nawe unaondoka ukiamini kwamba hakuna tatizo. Mimi nilibadilisha vihisi, nikabadilisha chanzo cha umeme, nikabadilisha hata bodi yenyewe, na kila kifaa kipya kilirudia ugonjwa uleule, kwa sababu kifaa kibovu hakikuwahi kuwapo.

Fundi aliyenifungia mfumo ule aliniambia kwamba graundi ni graundi, popote utakapoishika ni sawa. Nilipolalamika aliniambia nichukue wastani wa vipimo vingi, kisha akanishauri nichimbie fimbo ya shaba ardhini. Bado nina hasira naye, kwa maana ushauri wote ule ulikuwa wa mtu ambaye hakuwahi kuweka mita mahali palipohusika. Wastani hupunguza kelele zinazopanda na kushuka. Kosa linalosimama mahali pamoja haliguswi nao, hata ukichukua vipimo elfu moja. Fimbo ya ardhini ina kazi yake katika usalama wa umeme, lakini haiwezi kupunguza volteji inayopotea ndani ya waya wako mwenyewe.

Waya ambao kipimo kinauanzia usibebe mkondo wa mzigo. Ongeza uzi wa tano. Graundi ya feni irudi peke yake hadi kwenye chanzo cha umeme, graundi ya LM35 irudi peke yake hadi kwenye pini ya graundi ya bodi, na njia hizo mbili zikutane mahali pamoja tu, upande wa chanzo cha umeme, bila kuunganishwa tena kule chumbani. LM35 yenyewe inatumia takriban mikroampea 60 tu, mkondo ambao katika omu 0.34 hauachi hata sehemu ya kumi ya milivolti. Kuna watakaokwambia ununue waya mnene. Waya wa milimita mraba 2.5 utapunguza kosa mara tano, lakini bado utabaki na kosa la zaidi ya nyuzijoto tatu, ilhali hatua ndogo kabisa ambayo Uno inaweza kuitofautisha, ikipima kwa rejea ya volti 5, ni kama nusu nyuzijoto.

Ukimaliza kufunga, usiniamini mimi, iamini mita. Weka maltimita kwenye milivolti, ncha moja kwenye graundi ya bodi na nyingine kwenye mguu wa graundi wa LM35, kisha washa feni. Kama huna waya mrefu wa kufikia huko, tumia kwa muda uzi wowote wa kebo ambao bado hujauunganisha. Namba ikiruka feni inapowaka, njia zimeungana mahali fulani. Mara nyingi ni kwenye kisanduku cha chuma ambacho feni na kihisi vyote vimekigusa.

Jambo jingine dogo: LM35 haipendi kebo ndefu iunganishwe moja kwa moja kwenye mguu wake wa kutolea ishara, hivyo weka resista ya kiloomu 2 hapo, karibu na kihisi chenyewe. Kuhusu programu ya wastani uliyoiomba, sitaiandika leo. Funga uzi wa tano kwanza, pima, kisha ulete hapa namba ulizozipata feni ikiwa imezimwa na ikiwa imewashwa.