Macho ya mtoto tangu kuzaliwa: maswali kutoka Mtwara na Lindi

Mwanangu ana miezi mitatu, mboni zote mbili zina weupe. Nyumbani wanasema tusubiri minada ya korosho tupate nauli. (Baba, Newala)

Msisubiri, baba. Weupe huo mara nyingi ni mtoto wa jicho wa kuzaliwa nao, yaani lenzi ya ndani ya jicho imeingia ukungu, ila unaweza kuwa saratani ya jicho, nayo huua. Nendeni wiki hii Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa pale Mtwara, mkaombe rufaa. Hospitali za Muhimbili na CCBRT, Dar es Salaam, huwapasua watoto wachanga.

Ubongo hujifunza kuona miezi ya mwanzo. Mboni ikizibwa, picha hazifiki, na lenzi ikija kutolewa baadaye sana, ubongo haujui kuzisoma. Ndiyo maana upasuaji hutakiwa kabla ya wiki ya 8 hadi 10. Wenu amechelewa kidogo, lakini bado kuna kuona kwa kuokoa. Macho yakianza kuchezacheza yenyewe, ujue hali inazidi kuwa mbaya.

Na upasuaji ni nusu ya kazi. Atavaa miwani yenye vioo vinene, ibadilishwe kila macho yanavyokua. Ikivunjika mkakaa bila nyingine, mnapoteza mlichokifuata Dar.

Tatizo hilo hutoka wapi? (Mama, Lindi)

Kurithi, au rubela (ugonjwa wa virusi wenye vipele) ikimpata mama miezi mitatu ya mwanzo ya ujauzito. Wakati mwingine chanzo hakionekani. Mama asilaumiwe. Chanjo ya surua-rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na 18.

Mtoto wangu wa wiki sita, jicho moja linatoa machozi na tongotongo. (Nachingwea)

Yaelekea njia ya machozi haijafunguka. Nawa mikono, weka kidole kwenye kona ya jicho karibu na pua, bonyeza huku ukishusha, mara 5 hadi 10, mara nne kwa siku. Nyingi hufunguka kabla ya mwaka. Usitie maziwa ya mama wala maji ya majani.

Lakini jicho likiwa kubwa kuliko kawaida, limefifia kama lenye ukungu na linakimbia mwanga, hiyo ni presha ya jicho. Hospitali siku hiyohiyo.

Binti yangu ana ualbino. Mwalimu anasema ni mvivu wa kusoma. (Masasi)

Si uvivu hata kidogo. Sehemu ya nyuma ya jicho inayoona vitu vidogo haikukua kamili. Miwani husaidia, haimalizi. Mwombe mwalimu amkalishe mbele, dirisha likiwa mgongoni, na amruhusu kuusogelea ubao. Kitabu akikileta karibu na uso mwacheni, hakimdhuru macho.