Hoteli, samaki au bandari: kila mtu na baridi yake

SWALI: Asalaam alaykum fundi. Mimi ni kijana wa Langoni hapa Lamu, nilisomea umeme nikamaliza mwaka jana, halafu nikakaa miezi sita kwa fundi wa mafriji Malindi nikapata mwanga kidogo. Sasa nimerudi nyumbani nataka kuanza kazi ya mafriji na AC, nina shilingi laki moja na nusu, nyingine yangu nyingine ya mamangu. Kila mtu ana lake, huyu asema hoteli za Shela ndo zina pesa, huyu asema samaki, mwengine asema ngoja bandari. Nitajuaje kila mmoja wao anataka ujuzi gani na vifaa gani kabla hizi pesa hazijaisha?

JIBU: Wa alaykum salaam mwanangu. Pesa za mamako usiziguse wiki mbili hizi, zunguka kwanza.

Na ukizunguka usianze na meneja. Mimi nilipoanza nilikuwa naingia ofisini nimechomekea shati nauliza "mnahitaji nini", meneja aniambia twataka fundi mzuri asiye ghali, basi, hio hata nyanyangu angenambia bila mimi kupanda boti. Mtafute mwenye stoo au yule mzee wa kufagia uwanja, mwambie akuonyeshe makaburi. Kila hoteli ina makaburi, ule upenu nyuma ya kufulia nguo ambako AC na friji zilizokufa zimelala moja juu ya nyengine. Soma vibao vyake, kampuni gani, gesi gani, mwaka gani, uandike kwenye daftari. Kisha uliza maswali mawili tu, hiki kilikufa na nini, na aliitwa nani akatoka wapi. Ukisikia fundi alitoka Mombasa, akalipiwa gari mpaka Mokowe na boti ya kuvuka na mahali pa kulala, na mgeni akalala na joto siku mbili akingojewa yeye, hapo andika kwa wino mwekundu, manake hio ndo kazi yako.

Mimi sikufanya hivo. Nilinunua mitungi ya R22, ile gesi ya AC za zamani, na stendi za chuma za kuwekea AC, za bei poa, nikajaza chumba kizima. Stendi zikaanza kumwaga kutu ukutani kabla mwaka haujaisha, chumvi ya hapa haina huruma, na gesi nayo nikakuta hoteli zote zinazofunga AC mpya zimehamia R410A na R32. R22 inaondolewa duniani kwa mkataba wa Montreal, nchi kama yetu mwisho ni 2030, na usidhani utachukua ile geji yako ya zamani ya kupimia presha uifunge kwa R410A, presha yake yapita ya R22 kama mara moja na nusu na zaidi. R32 na ile R600a ya friji za nyumbani zinashika moto, kwa hivyo kuchomelea bomba wakati gesi bado imo ndani, mchezo huo uache kabisa.

Haya, sasa tazama vile ujuzi ni ule ule mmoja wa baridi lakini kila mtu anautaka kivyake.

Hoteli inataka kimya na haraka. Ukikagua makaburi utaona vingi havikufa kwa gesi, vimekufa kwa chumvi iliyokula mapezi ya koili, yale mabati membamba ya kutolea joto, kwa stima inayopanda na kushuka, na kwa mjusi kafiri, ndio, yule wa ukutani, aingia kwenye bodi ya umeme akakanyaga nyaya mbili akafa yeye na bodi yake. Kwa hivyo bidhaa za kuuzia hoteli si kompresa, ni kilinda stima, wavu wa kuziba tundu, bolti za stenlesi (chukua 316, ile 304 kando ya bahari yaota madoa), na kazi ya kuosha koili kwa maji matamu kila baada ya wiki kadhaa. Hio ya kuosha yaonekana ya kitoto lakini ndo italipa kodi yako. Na wakati wake ni Mei na Juni, kusi ikivuma na wageni wameondoka, vyumba vitupu, kaskazi ikirudi na wageni wakirudi hakuna atakayekuruhusu kugonga nyundo. Malindi hesabu ni nyengine kidogo, kule kuna mikahawa ya Kitaliano na mashine za aiskrimu, kama yule fundi wako wa Malindi alikufunza hizo usizidharau.

Samaki ndo hapa watu wanakosea sana. Mwenye samaki hataki baridi tu, anataka baridi yenye ushahidi. Jodari akikaa joto saa kadhaa anatengeneza sumu iitwayo histamini, na histamini haitoki kwa kupika, umpike umkaange umfanye utakavyo, mtu atavimba midomo na kuwashwa mwili mzima. Kwa joto letu barafu ni kilo kwa kilo, samaki awe karibu na nyuzi 0 tangu botini mpaka kwa mnunuzi, na mnunuzi mkubwa, hasa wa kusafirisha nje, atauliza daftari la vipimo, saa ngapi, nyuzi ngapi, nani amepima. Wengi hapa hawana. Fundi akija na tempu mbili, vipima joto, zilizopimwa sawa, akaning'iniza daftari mlangoni na kumfunza kijana wa zamu kuandika, ameuza kitu ambacho duka haliuzi. Halafu kuna mashine za barafu, uliza maji yanatoka wapi, visima vingine vina maji ya chumvi na ukoko unaganda ndani mpaka mashine yafa taratibu na kila mtu analaumu gesi. Fungia chujio kwanza. Mimi nilijaza gesi mashine moja mara tatu kabla sijafungua kuona ukoko, na mwenyewe mpaka leo akiniona sokoni anageuza uso.

Bandari, mwanangu, si ya kungojea na si ya kudharau. Gati ya kwanza ya bandari ya Lamu, kule Kililana, ilifunguliwa Mei 2021 na sasa ziko tatu. Kontena la baridi ni mashine ya fezi tatu, volti mia nne na kitu, ina kompyuta ndogo inayokwambia kosa kwa namba, kwa hivyo kule hawakuulizi waweza kusikiliza kompresa kwa sikio, wakuuliza waweza kusoma namba, kuandika ripoti ya Kiingereza ya mistari minne, na kufunga stima kwa kufuli kabla hujagusa. Na wakuuliza karatasi. Hapa ndo nakushauri utumie pesa kidogo, kafanye mtihani wa friji wa NITA, ile mamlaka ya serikali ya mafunzo ya kazi, Gredi III waweza kufanya hata kama kazi uliisoma kwa fundi, kisha panda.

Nyumba za mji wa kale nazitaja kwa sababu wewe ni wa Langoni. Ukuta ni wa matumbawe na chokaa, ukipiga bolti ya kupanuka kama unavyofanya kwenye zege itatoka na jiwe, na ukiziba tundu kwa simiti unafungia unyevu ndani ukuta unaanza kubanduka. Mtafute fundi wa chokaa umlipe aje nawe siku ya kwanza. Na mji uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, kabla ya kutoboa ukuta wa nje uliza watu wa makumbusho, tena stendi iwekwe uani isiwekwe upande wa barabara.

Kwa hio laki na nusu: geji za R410A na R32, pampu ya vakyum ya kunyonya hewa kwenye bomba, klampmita ya kupimia stima, mizani ya gesi, tempu mbili. Basi. Kompresa usiweke hata moja, itaagizwa mteja akishalipa nusu. Kitakachobaki, lipia mtihani na kingine mrudishie mamako.

Anza Shela Jumatatu, nenda asubuhi kabla jua halijawa kali, halafu nitumie picha za vibao vya makaburi, vyote, hata vile vilivyofutika nusu.